Waya ya Mzee Imebaki kwa Shina

Sasa waya ya matawi nimetoa, imebaki ya shina, na hiyo bado sijagusa. Andika hivyo kwa group, Wanja. Ni Jumamosi, mawingu imeshuka mpaka kwa majani chai, na mimi nimeingia jikoni ati kupumzika.

Sipumziki. Naogopa.

Kwa wale hawajui, hiyo ni mutamaiyu ya marehemu mzee wangu. Ni mzeituni ya msitu, lakini hii inakaa kwa sahani. Aliifunza kukaa ndogo kabla mama yako Muthoni aolewe hapa. Watu wa hapa Manyatta walimcheka sana, wakasema huyu ananyima mti chakula, siku moja itamshtaki kwa chifu. Yeye anakata tu, anafunga waya, anangoja.

Wakati wa matanga kuna mtu alitoka Nairobi, anafuga miti kama hiyo. Watu wanaimba, yeye amechuchumaa kwa mti. Akaniambia sahani utanunua hata kesho, lakini shina nene hivi na ganda imezeeka hivi, hakuna duka inauza miaka. Akashika koleo ya mzee ya kukata waya, ile ya mdomo butu, haikwaruzi ganda. Akasema inakata hivi kwa sababu ilipakwa mafuta kila jioni. Hiyo ni ukweli. Mimi mafuta yangu ya kujipaka alikuwa anasahau kununua. Ya koleo, hapana.

Lakini akasema pia, waya itolewe mapema. Mti ikinenepa inaimeza, inabaki na kovu, ama inakauka huko juu.

Nilisikia. Sikutoa.

Mzee alifunga hiyo waya, akanawa mikono, akaingia kulala. Hakuamka. Sasa wewe ungetoa?

Nimekuwa nikiimwagilia maji na kuangalia vile aliizungusha, safi, hakuna mahali imepanda juu ya ingine. Halafu mvua ikanyesha vizuri. Leo asubuhi Muthoni akachukua kidole yangu, akaiweka kwa shina. Sikugusa waya. Niligusa ganda.

"Mama," akasema, "ukingoja tena, utakosa waya na ukose mti."

Alitaka kuikunjua. Nikakataa, ukikunjua inang'oa ganda. Inakatwa kidogo kidogo, hapo hapo imekaa. Hiyo niliona kwa mzee, na nilikuwa nimebeba chai, hata sikujua naangalia.

Vipande za waya ya matawi ziko kwa aproni yangu. Bado zimejikunja vile alizikunja. Na matawi pia, nimeachilia waya lakini hazikurudi juu. Zimekaa vile alisema zikae.

Sasa hii ya shina, imeingia ndani, nikikosea kidogo tu...

Ngoja. Muthoni anaita. Anasema mvua imeanza, mti ameleta kwa baraza, ameishika. Anauliza koleo iko wapi.

Si ni hii hapa. Nimeishika wakati hii yote.

Mwambie nakuja.