Mstari Niliouruka kwa Heshima ya Baba Mkwe

Mpendwa Mama Prisca,

Ndaga sana, yaani asante, kwa safu yako gazetini ambayo nimeisoma tangu nikiwa sekondari. Leo ni zamu yangu, nina furaha na hofu kwa pamoja, naomba unishike mkono. Niliolewa miezi mitatu iliyopita na Ambwene, mwanamume mpole ambaye hadi leo akirudi kazini ananiita kutoka barabarani kabla hajazima pikipiki, nami namshukuru Mungu kila asubuhi, si kwa mume tu bali kwa ukoo mzima, na hasa kwa baba mkwe. Kwao bado wanashika mila ya mkwe, simtazami baba usoni, sikutani naye njiani wala silitaji jina lake, na yeye akija kwetu anakohoa tangu mbali ili nipite nyuma ya nyumba, kisha nikirudi nakuta ameacha mlangoni mkungu wa ndizi au mchele mpya. Hatujawahi kuzungumza hata neno moja, lakini najua nimependwa.

Ambwene ni mtunza kumbukumbu hospitalini. Mwaka huu amepewa kazi ya kukusanya daftari za zahanati na kuwaingiza wote wanaohisiwa kuwa na saratani kwenye orodha moja, yenye jina moja na namba moja kwa kila ugonjwa, kwa sababu kila zahanati ilikuwa na maneno yake, huyu anaandika "donda sugu", yule "uvimbe mbaya", mwingine "kansa" na alama ya kuuliza, ikawa hakuna anayejua wagonjwa ni wangapi wala nani aitwe kwa vipimo. Jumamosi moja mchana alileta daftari nyumbani, akaniomba nimsomee ili yeye aandike kwenye kompyuta, tukaketi barazani kando ya kokoa tuliyoianika, nikawa nasoma naye anacheka, "Polepole, mke wangu, unasoma kama mhubiri mwenye njaa," nikaona hakuna mwanamke mwenye bahati kama mimi.

Kisha nikafika kwenye jina la baba mkwe. Kidonda cha unyayo, cheusi pembeni, miezi saba hakijapona.

Mama Prisca, nilijisikia kama nimemkuta anaoga. Ulimi ulikataa. Ambwene akauliza, "Umekwama wapi?" Nikamwambia mwandiko hausomeki. "Basi ruka, tutarudi," akasema, tukaendelea, na hatukurudi. Orodha ilipelekwa wiki iliyopita, daftari lenyewe bado liko kwetu, na watu wanaitwa kwa vipimo kutoka kwenye orodha hiyo. Nyumbani hakuna anayejua habari za kidonda, baba huvaa buti za shambani hata akiwa amekaa. Nikisema, nitakuwa nimeuanika mwili wa mzee aliyenipa heshima yote, na mume wangu ataulizwa kwa nini mkewe alisoma daftari la wagonjwa. Nikinyamaza, baba hataitwa. Nifanyeje?

Kisa, Kyela

Kisa mwanangu,

Majina nimeyabadilisha na kijiji nimekifuta. Majibu haya nilikutumia kwa simu siku ile ile niliyosoma barua yako, maana kidonda hakisubiri gazeti litoke.

Hongera kwa ndoa, na hongera kwa baba mkwe wa namna hiyo. Sasa nikukaripie. Daftari la wagonjwa halisomwi barazani, hata na mke anayependwa, na hilo mwambie Ambwene limetoka kwangu. Wewe nawe ulidanganya. Mumeo anahangaika ili mgonjwa asipotee kwa sababu ya maneno, na mgonjwa mmoja amepotea mikononi mwenu. Ni baba yake.

Mila hiyo naijua, nimeolewa huko huko. Inakukataza kumtaja na kumtazama. Haikukatazi kuweka kidole kwenye mstari. Leo, kabla ya chakula cha jioni, mwombe Ambwene afungue daftari, weka kidole, umwambie, "Huu ulisomeka. Nilishindwa kuutamka." Kisha inuka, umwache asome peke yake.

Kesho asubuhi aende kwa mkuu wake, aseme mstari mmoja uliachwa, na aseme pia kwamba alisaidiwa nyumbani. Atakaripiwa, avumilie. Baba aitwe na muuguzi kama wanavyoitwa wengine, si na mwanawe wala wewe, na mama mkwe asisikie neno kutoka kwako. Mwenye mwili ndiye atakayeamua amwambie nani. Kidonda hicho huenda ni cha kawaida, huenda si cha kawaida, na si mimi wala wewe wa kukijua kwa kukisoma.

Jioni ulinijibu kwamba Ambwene amesoma, kisha amekuomba umpigie pasi shati la kwendea kazini.

Lipige pasi vizuri.

Mama Prisca