Mimi Si Fundi Miwani

Kaka yangu,

Miwani ya Baba uliyonitumia nitengeneze imefika. Mara ngapi niwaambie kwamba mimi si fundi miwani? Lenzi ninayoichunguza ni galaksi nzima, yenye umbo la yai. Mwanga wa galaksi nyingine iliyo nyuma yake ukipita pembeni, unapinda kwa kuvutwa na uzito wa lenzi hiyo. Nikijumlisha uzito wa nyota zote ninazoziona, hautoshi kuupinda kiasi hicho. Basi najua pana kitu kizito nisichokiona.

Hiyo ndiyo kazi yangu, halafu nyinyi mnanifanya mjinga! Nikimuulizia Baba kwenye simu, wewe unanieleza habari za paa linalovuja, shangazi ananiuliza kama nimekula, wifi anasema mtandao unasumbua. Wote mnapinda palepale.

Na juu ya miwani umeandika, "Itengeneze taratibu, hakuna haraka." Hakuna haraka? Baba hulala nayo usoni! Asipoivaa haoni hata kijiko alichokishika.

Nakuja kesho. Habari za paa sizitaki. Nipeleke alikolazwa Baba, iwe ni wodini, iwe ni kaburini.

Mdogo wako,
asiye fundi miwani