Ragnhild wa Mellemskov na Baba Yake

Mellemskov, Nyuzilandi
16 Juni 1873

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Syver. Sisi wazima, ila mikono imechubuka. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kifua hakikukusumbua sana wakati wa theluji.

Tumefika. Wanaume walitangulia kukata njia, sisi wanawake tukafuata na masufuria mgongoni. Serikali imeipa kila familia kipande cha ardhi. Nikisema ardhi, usifikirie shamba. Ni miti, Baba. Mimi, Syver na jirani yetu Maren tukishikana mikono hatuwezi kuuzunguka mmoja. Jua tunaliona kwa kuinua shingo, kama watu walioanguka kisimani.

Syver anajenga barabara ya serikali. Anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Jumamosi. Siku za katikati ni zangu na kibanda cha magome. Maren ni Mdenmaki, na nyumba yake iko mbali kidogo, ukivuka kijito. Nilimwambia anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto kooni. Akanijibu, "Na nyie Wanorwe mnaimba tu, mtu hajui kama mnaomba chumvi au mnaita ng'ombe." Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukalia kweli.

Juma lijalo ni sikukuu ya katikati ya kiangazi huko kwetu. Huku ni baridi na mvua. Tutawasha moto hivyo hivyo, tukipata kuni kavu.

Siku tuliyoondoka hukutoka zizini. Mimi sikugeuka nyuma, maana ningegeuka nisingepanda mkokoteni. Niandikie, Baba, hata kama ni kunigombeza.

Binti yako,
Ragnhild

*

Toten, Norwe
2 Novemba 1873

Binti yangu Ragnhild,

Salamu. Mimi mzima. Ng'ombe wazima.

Barua yako mchungaji alinikabidhi baada ya ibada mbele ya watu wote, ikabidi niisome pale pale, maana hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Gudmund wa kinu akauliza kama ni kweli watu wa huko wanatembea kichwa chini miguu juu. Nikamwambia wewe umetembea hivyo tangu ubatizwe.

Zizini nilikuwa na kazi. Ng'ombe hawajui kwamba kuna mtu anahamia mwisho wa dunia.

Tangu mama yako atutoke nilikuwa napika uji wa watu watatu, mimi na nyie. Sasa napika wa mmoja, na kila siku unabaki. Kipimo bado sijakipata.

Miti hailiwi, Ragnhild. Ukichoka, mlango wangu una komeo lile lile, na kufuli sijanunua.

Baba yako,
Torger Embretsen

*

Mellemskov
21 Februari 1875

Baba mpendwa,

Salamu tele. Hali zetu ni njema. Wewe je? Kifua? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anakupiga mateke?

Umepata mjukuu. Ni msichana, tumempa jina la mama, Marte. Alikuja siku ya mafuriko, Syver akiwa barabarani ng'ambo ya mto. Maren alivuka kijito maji yakimfika kifuani, akaingia akitiririka, akaniambia, "Usisukume kwanza, ngoja nivue viatu." Ndivyo mwanangu alivyozaliwa.

Tunaangusha miti, tunaisubiri ikauke, tunaichoma. Viazi tunavipanda katikati ya visiki, ndani ya majivu. Vinaota vizuri. Lakini kwa mbali pale petu panaonekana kama mahali palipopigwa vita.

Kuna mama mmoja Mmaori, anaitwa Ripeka, hupita na watu wake wakienda kuvua mikunga. Mara ya kwanza nilifunga mlango. Akaacha mikunga miwili juu ya kisiki, akaenda zake. Mara ya pili nilimpa viazi. Sasa akipita anaketi, anambeba Marte, tunaongea kila mtu kwa lugha yake, na tunaelewana kuliko ninavyoelewana na Maren.

Nikuambie jambo moja na usicheke. Nimezoea kuongea na ng'ombe. Juzi Syver alirudi, akaniuliza kitu, nami nikampigapiga shingoni nikaendelea na kazi. Akasema, "Ragnhild, nimekuuliza swali." Alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Syver anasema uje. Ofisi ya wahamiaji inaruhusu mtu kuandikisha jamaa yake. Mimi sisemi kitu. Nakufahamu.

Binti yako,
Ragnhild

*

Toten
8 Agosti 1875

Binti yangu Ragnhild,

Salamu. Mimi mzima. Pembe Moja amekufa, kwa uzee, si kwa mkono wangu ingawa alistahili.

Nilikwenda kaburini kumwambia mama yako kwamba jina lake linatembea tena. Halafu nikakumbuka bado halijaanza kutembea, nikamwambia hilo pia. Gudmund alikuwa nyuma ya ukuta akasikia yote. Sasa kijiji kizima kinajua naongea na makaburi. Wewe na ng'ombe wako msione haya.

Kuja sitakuja. Hata mjini Christiania sijawahi kulala. Mwambie Syver asante, ni mtu mwema kuliko nilivyosema.

Weka mkono wa mtoto juu ya karatasi, uuzungushie kalamu, unitumie.

Baba yako,
Torger

*

Toten
4 Machi 1877

Binti yangu Ragnhild,

Salamu. Mimi mzima. Natumaini nyinyi pia.

Hii ni barua ya tatu naandika bila kupata jibu. Mchungaji akiniona naingia getini mwa kanisa anatikisa kichwa kwa mbali, ili nisitembee bure mpaka alipo. Nami natembea mpaka alipo.

Kama nimesema neno lililokuudhi, liandike, nitalifuta. Kama mkono wa mtoto umeshakuwa mkubwa hautoshi kwenye karatasi, tumia karatasi mbili.

Baba yako,
Torger

*

Mellemskov
1 Julai 1877

Baba mpendwa,

Salamu. Nisamehe. Hukuniudhi kwa lolote. Barua nilizianza nyingi. Naandika "Baba mpendwa", naandika "salamu", nikifika pale pa kusema sisi sote wazima, kalamu inasimama.

Syver amefariki. Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka juzi, siku ya Jumapili. Hakupaswa kukata mti Jumapili, lakini siku nyingine zote alikuwa barabarani. Nilisimama mbali na Marte mgongoni. Mti ulianguka vizuri, upande ule ule alioutaka. Akageuka kunitazama, amefurahi, akainua shoka juu. Tawi lililokuwa limenasa kwenye mti wa jirani likashuka kimya. Sikuwahi hata kuita.

Wenzetu walikuja wote. Wanaume walichonga jeneza, wanawake walileta mkate, kila mmoja akanishika mkono, akasema pole, akatazama chini. Walikuwa wema, Baba, usinielewe vibaya. Ila hakuna aliyelia, na mimi nikaona haya kuwa wa kwanza. Siku ya tatu Ripeka akaja na wanawake wenzake. Walianza kuomboleza tangu njiani, kwa sauti, wakamwita Syver kwa jina. Ripeka akanishika kichwa, akaweka paji lake kwenye paji langu na pua yake kwenye pua yangu, machozi yake yakanimwagikia. Hapo ndipo nilipolia. Kama si wao, nadhani mpaka leo ningekuwa nimesimama pale pale.

Nimejifunza shoka. Miti midogo naiweza. Mikubwa nimeiachia Mungu. Marte anaongea, na matusi ya Kidenmaki anayajua yote.

Mkono wake huu hapa. Alitikisika, ndiyo maana una vidole sita.

Binti yako,
Ragnhild

*

Toten
30 Septemba 1877

Mwanangu,

Rudi nyumbani.

Kitanda chako kipo. Nimetoa mbao zilizooza, nimeweka mpya. Cha mtoto nakichonga sasa hivi, nimekifanya kirefu kwa sababu sijui kimo chake. Hapa kuna watu watakaokuita kwa jina lako lote. Usibaki kwa ajili ya visiki.

Kuhusu Syver sijui kuandika. Nilikaa na barua yako zizini.

Rudi, Ragnhild.

Baba

*

Mellemskov
3 Februari 1878

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wawili wazima. Leo naweza kuliandika.

Barua yako niliisoma mpaka ikachanika mkunjoni. Nilifunga mizigo, Baba, nisikufiche. Maren akasema atamchukua ng'ombe. Kisha nikatoka kwenda kuaga shamba, na huko ndiko nilikokwama.

Pale Syver alipoangukia pameota majani. Majani ya malisho, yale tuliyopanda, mabichi, yanafika gotini. Ng'ombe alikuwa amesimama humo anatafuna kama mtu mwenye shamba lake. Nikakaa chini. Nikaona kwamba nikiondoka, msitu utarudi kabla Marte hajawa mwanamwali, na Syver atalala chini yake, na hakuna atakayejua kwamba tulikuwapo.

Sitarudi. Nimekaa siku nyingi kabla ya kuandika neno hilo.

Usidhani nina raha. Kuna majuma sisikii sauti ya mtu mzima ila yangu mwenyewe ninapomwita mtoto. Jioni huwa naweka vijiko vitatu mezani, kisha narudisha kimoja. Lakini upweke wa hapa nimeulima kwa mkono wangu. Wa huko ningeukuta umeshapandwa.

Njoo wewe. Safari hii simtumi Syver kusema. Nasema mimi. Jina lako nimeliandikisha ofisini, la kufuta utalifuta mwenyewe. Njoo unifundishe kutengeneza jibini ya mbuzi, maana yangu hata nguruwe wa Maren ameikataa.

Wako,
Ragnhild

*

Mellemskov
10 Novemba 1878

Baba mpendwa,

Salamu. Sisi wazima.

Hujajibu. Nimeuliza posta ya Masterton mara mbili. Kama umekasirika, sawa, kasirika, lakini niandikie umekasirika. Kama ni kifua, mwombe Gudmund aandike hata kwa mkaa.

Marte anauliza wewe ni mtu wa namna gani. Nimemwambia wewe ni mtu wa zizini. Sasa akicheza, ng'ombe wote anawaita Babu.

Ragnhild wako

*

Kisiwani, bandari ya Wellington
11 Machi 1879

Binti yangu Ragnhild,

Salamu. Mimi mzima. Usishtuke kwa jina la mahali hapo juu, nimeliandika sawasawa.

Barua yako ya kukataa niliijibu mara nne na zote nikazitia motoni. Ya tano sikuandika, nikauza mbuzi. Gudmund alinifikisha bandarini Christiania, akanikumbatia mbele ya watu, mwenda wazimu yule.

Nilipanda meli ya Kiingereza. Miezi mitatu sikupata mtu wa kuongea naye, ila nguruwe wa kapteni, ambaye alinielewa vizuri mpaka Krismasi alipoliwa. Halafu surua ikaingia kati ya watoto. Tumewazika baharini wengi, Ragnhild. Nilisaidia kushona turubai, kwa kuwa kushona hakuhitaji Kiingereza. Mama mmoja alikuwa ananishikia uzi.

Kwa sababu ya surua hawaruhusu mtu kushuka mjini. Tumewekwa karantini kwenye kisiwa hiki kidogo mpaka daktari aridhike. Naona milima upande wa pili. Nimemwuliza mlinzi kwa vidole kama wewe uko nyuma ya ile, naye akaonyesha mbali zaidi.

Usije. Ni mbali, na una mtoto.

Baba yako,
Torger

*

Ufukweni, Wellington
24 Machi 1879

Baba,

Salamu. Nimekuja.

Barua yako ilinikuta natoa viazi. Niliacha jembe limesimama shambani. Maren alitupeleka kwa mkokoteni mpaka Masterton, tukapanda gari la farasi, kisha garimoshi lililopanda milima likipumua kama wewe wakati wa baridi. Marte alitapika njia nzima na amefurahi sana.

Tumepanga kwa mjane mmoja karibu na maji. Hawaniruhusu kuvuka, nimebishana nao kwa lugha tatu. Kila siku adhuhuri tutasimama ufukweni tukikitazama kisiwa. Najua hutatuona. Tutasimama tu.

Mwenye mashua amekubali kukuletea barua hii na viazi vya kwetu. Vilivyo vidogo ni vya Marte, amevipanda mwenyewe.

Ragnhild

*

Kisiwani
2 Aprili 1879

Binti yangu Ragnhild,

Salamu. Mimi mzima, na safari hii daktari naye amesema hivyo hivyo. Kesho mashua ya asubuhi inatuleta.

Viazi nimekula vyote na maganda yake. Ardhi yako ni nzuri. Nimesema.

Mlinzi wa hapa ana darubini. Nilimwomba anitazamie ufukweni adhuhuri. Hatuna lugha moja, basi akatazama, akaweka darubini chini, akaniigizia: akasimama mguu mmoja mbele, mikono kiunoni, kidevu juu, kama mtu anayetaka kugombana na bahari. Halafu akaonyesha kitu kifupi kando yake kinachorusha mawe. Nikamwambia, "Ndio hao," akanielewa. Kila siku namrudisha kwenye darubini, na kila siku ananiigizia, na watu wa karantini wanakusanyika kututazama.

Utauliza kwa nini sikutazama mwenyewe. Macho yangu yameingia ukungu, Ragnhild. Ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa hivi. Zizi naliweza kwa kupapasa, kukamua pia, na jibini haihitaji macho. Lakini nyuso za watu zinanichanganya, na wewe nilikuacha msichana.

Kwa hiyo kesho usisimame mbali ukingoja nikutambue. Usilie mbele ya Waingereza. Niite kwa sauti, kwa Kitoten chetu, na njoo mpaka penye maji, unishike mkono, maana wameniambia mawe ya huko yanateleza.

Baba yako