Mume Wangu Anapiga Dramu Kama Yule wa Kwenye Kinanda

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefika mahali sijui nilie, nicheke au ninyamaze, na kila nikitaka kumweleza mtu naanzia katikati kwa sababu mwanzo wenyewe siuelewi.

Mimi ni mpiga kinanda wa harusini, mume wangu mchana anapaka rangi nyumba za watu na kwenye sherehe ni mpiga dramu wetu, na wifi yangu, dada yake anayemfuata, ndiye mwimbaji, kwa hiyo bendi ni ya familia na ugomvi wake pia ni wa familia. Kinanda changu ni cha aina ile yenye mpiga dramu wake ndani, ukibonyeza kitufe midundo inaanza, na mkono wa kushoto ukishika sauti, besi na gitaa vinakufuata vyenyewe. Dramu zake za kiwandani sizipendi, zinagonga kama mtu anayepigilia misumari, basi mwaka jana mume wangu akasema, "Mke wangu, kwa nini tusirekodi zangu tuzitie humo, uwe unafanyia mazoezi nikiwa kazini?" Tukaegemeza magodoro kwenye kuta za stoo, akavaa spika za masikioni zenye sauti ya kumhesabia mwendo, akapiga mdundo mmoja mizunguko mingi bila kupumzika, nami nikachagua mzunguko wa katikati, kwa sababu ule wa kwanza ukiukata na kuurudiarudia toazi linakatika ghafla kila unapoanza upya, lakini wa katikati unaingia na mlio wa ule uliotangulia na sikio haligundui kiungo. Nikaupunguza mwanzo na mwisho, nikauingiza kwenye kinanda kwa flashi, na siku ile tulifurahi kama watoto, akawa anabonyeza mwenyewe na kujisikiliza akipiga huku anakunywa chai.

Sasa mshauri, akaanguka kwenye ngazi akipaka rangi dari, akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta, na harusi tulikuwa tumeshazikubali, ikabidi niende na yeye wa ndani ya kinanda, na yeye mwenyewe akawa anakaa pembeni ananishikia nyaya. Na hapa ndipo ninapoona haya kuandika, kwa sababu nilifurahi. Mume wangu jukwaani ni mbishi, wimbo ukimnogea anaongeza mwendo, nikimkonyeza apunguze anatazama kwingine, nikitaka tumalize yeye anataka kiitikio kimoja zaidi, na tukirudi nyumbani ni maneno mpaka tulale. Yule wa kwenye kinanda nikimwambia anza anaanza, nikimwambia nyamaza ananyamaza. Siku moja ukumbini tukikunja nyaya nikamwambia wifi, "Wifi, kwa kweli kaka yako wa kwenye kinanda ndiye wa kuolewa naye, yule hanibishii," tukacheka mpaka tukashikana mabega, nageuka namwona mwenyewe amesimama nyuma yetu, stendi ya maikrofoni kwenye mkono wake mzima. Aliuliza tu gari limeegeshwa wapi.

Plasta ikatolewa, daktari akamruhusu, akarudi kwenye dramu zake, na mazoezi ya kwanza tu nikahisi kitu lakini sikujua ni nini. Anapiga sawasawa mno. Hanitazami. Mdundo ule ule, mzunguko ule ule, na kila mzunguko unapokaribia kuisha fimbo inagusa ukingo wa dramu ndogo, kijikosa kidogo kilichomo kwenye ile rekodi yetu ambacho niliona uvivu kukiondoa. Mshauri, mume wangu alikuwa anajiiga yeye mwenyewe, na kosa lake ndani! Nilipomkonyeza alibadilisha, nilipoinua mkono alikata papo hapo, kana kwamba nimebonyeza kitufe. Mshereheshaji wa harusi iliyofuata akatusifu, eti sasa mmekuwa bendi ya kweli. Wifi alikuwa anafuta macho kwa leso, na sikujua kama ni jasho.

Nyumbani nako ni vilevile. "Tule sasa?" "Sawa." "Au tungoje?" "Sawa." Mtu aliyekuwa akibishana mpaka na msoma habari wa redioni! Nikamuuliza, "Mume wangu, umeninunia?" Akasema, "Hapana. Si ndivyo unavyopenda?" bila ukali hata kidogo, na hapo ndipo akili iliponiruka kabisa, maana sijui kama ananifanyia mzaha, ananiadhibu, au ananipenda kwa namna ambayo mimi sijaizoea. Nimepata nilichokuwa nakitaka, sasa mbona sina raha?

Juzi amesema Jumamosi tufungue stoo tena, na magodoro ameshayapanga, anataka kurekodi midundo yote tunayopiga, ya polepole, ya kuchezesha watu, ya kumwingiza bibi harusi, pamoja na miingilio na miisho yake, kisikosekane hata kimoja. Wifi anasema nisithubutu. Fundi wetu wa sauti anasema hiyo ni bahati, nirekodi upesi kabla hajabadili mawazo, na niongeze maikrofoni ziwe nne. Mimi sijui kitu. Nitege maikrofoni au nisitege?

Mpiga Kinanda Aliyechanganyikiwa

*

Mpiga kinanda wangu, pole sana. Sasa pole tuiweke kando tuongee.

Mimi hicho kinanda sijui hata kinawashiwa wapi, na habari za kukata mzunguko wa katikati nimezisoma mara mbili nikaachia njiani. Lakini mwanamume aliyeumizwa namjua. Mumeo alikuwa na mkono kwenye plasta, jukwaa limempita, kazi yake imebaki kushika nyaya, na wewe ukamkataa kwa kicheko mbele ya dada yake. Ulikuwa unatania, najua. Ungemtania hivyo akiwa nyuma ya dramu zake angekujibu, mkagombana vizuri, mkalala. Wewe ulichagua siku ambayo hana cha kujibia.

Unaniuliza ni mzaha, ni adhabu au ni mapenzi. Nadhani ni vyote vitatu, na huenda hata yeye hajui kipi kimezidi. Acha kumchunguza kama mita ya umeme.

Simtetei kwa kila kitu. Mpiga dramu anayekimbiza wimbo na kutazama kwingine akikonyezwa anaudhi, tena sana, na siku yake ya kuambiwa itafika. Si wiki hii. Kwanza arudi, ndipo umwambie apunguze mwendo.

Mwite wifi yako nyumbani kabla ya Jumamosi. Yeye ndiye uliyecheka naye, kwa hiyo awepo. Mwambie mumeo, mbele yake, kwamba ulimdharau na unajuta. Neno "nilikuwa natania" limeze na mate. Rekodi yako usiifute, hakuna aliyekuomba maigizo, na siku mtu akiugua utaihitaji. Kisha zima dramu za kinanda, mpige wimbo ule mnaogombania kila mara, na ukifika kiitikio usimpe ishara yoyote, hata ya jicho. Akikimbia, mfuate. Akitaka kiitikio cha tatu, mpe. Utaudhika, na ninataka uudhike, maana umekaa muda mrefu mno na mtu asiyekuudhi na umeona ulivyokonda moyo.

Fundi wenu wa sauti mwambie asante, aendelee na spika zake.

Sasa hiyo Jumamosi. Umeniandikia barua ndefu, umenitajia mdundo wa polepole na wa bibi harusi, miingilio na miisho, mpaka idadi ya maikrofoni. Hujaniandikia popote kwamba ulimuuliza kwa nini anataka kukuachia vyote kwa siku moja. Mtu hapangi vitu vyake hivyo, kisikosekane hata kimoja, kama hana safari kichwani. Inawezekana nimekosea, na natamani niwe nimekosea.

Maikrofoni usitege. Ingia stoo, kaa chini kwenye godoro, mwulize: "Ukishaniachia yote haya, wewe utakuwa wapi?" Halafu nyamaza mpaka ajibu, hata kama itachukua asubuhi nzima.