Ngoma Iliyoniita Mu Soko ya Pinga

MAELEZO YA SHAHIDI
Poste ya polisi, Pinga, territoire ya Walikale

Jina: Symphorien Kubuya
Umri: makumi saba na kitu, mama alihesabu kwa mavuno
Kazi: mulimaji, muwindaji wakati magoti yalikuwa yangali yananitii
Makao: Pinga

Mnamo tarehe 16 mwezi wa sita 2023, saa nne asubuhi, mwalimu alipeleka darasa la mujukuu wangu Emérence mu nyumba mpya ya makumbusho, pembeni ya soko. Mutoto hakuwa amewahi kuingia mu nyumba ya namna ile. Aliniambia, "Koko, ingia nasi." Nikamujibu, "Vitu vya zamani niko navyo mu mwili." Nikabaki inje kwa Mama Athanasie, muuza kasiksi. Hiyo pombe ya ndizi nilionja tu. Andika "kuonja", Komanda.

Mule ndani wanachunga ngoma ya muti, gogo iliyotobolewa ndani, ile haina ngozi, iko na mudomo tu, sawa mama mukwe wangu. Ya kwetu iliungua pamoja na nyumba wakati wa vita. Emérence alijifunza kuita watu kwa kupiga bido, lile dumu la maji, mu kambi ya wakimbizi. Ngoma yenyewe hakuwa ameiona hata siku moja.

Kisha nikasikia jina langu. Kwetu muntu ana jina la ngoma, maneno yanayopigwa badala ya kusemwa. Langu, baba alinipa: "Anarudi bila nyama, anarudi na hadisi." Mutoto alilipiga lote, hata pale mwisho, pagumu, ambapo kaka yangu alikuwa anaanguka kila siku. Na anayeitwa lazima aitike. Akinyamaza, wanaanza kumulilia sawa amekufa. Nikapanda juu ya benchi, nikapaza sauti: "Niko! Niko muzima!"

Shida njo hapo. Wamama wa soko, wale waliokimbia vita kule Kashuga, waliposikia ngoma na muzee anapiga kelele, walijua vita imefika. Soko ikabaki na mbuzi. Nawaomba pole. Mimi pia nimekimbia sana.

Damien, mulinzi wa makumbusho, akamushika mutoto mukono: "Umevuruga soko! Nani alikutuma?"

"Nilikuwa naita koko wangu, Papa. Si umemusikia ameitika?"

Hakulia. Mimi njo nililia, lakini ilikuwa moshi ya jiko ya Mama Athanasie.

Nasikia munataka kumufunga kwa kutisha watu, na mitihani yake iko wiki ijayo. Ngoma haikusema "kimbieni". Iliita muntu mumoja tu, tena mwenye miguu mibaya. Munabisha? Muilete hapa, munifiche. Nitaitika.

Hayo njo niliyosikia na kuitikia, bila kusukumwa na muntu ao na kasiksi.

Sahihi: S. Kubuya

Nimeandika mimi, Komanda Jérémie Habineza, na kumusomea shahidi. Alicheka maneno yake mwenyewe. Saa nane ngoma ililetwa poste. Watu wa soko walijulishwa kwanza. Shahidi aliwekwa nyuma ya choo, asione kitu. Binti alipiga majina mengine: kimya. Alipopiga la muzee, mwenyewe aliitika jina likiwa halijaisha. Binti ameruhusiwa kurudi nyumbani. Hakuna aliyekimbia. Mama mumoja wa Kashuga ameomba naye apewe jina la ngoma.