Bura Amejenga Zizi

Katesh, Jumapili

Hatimaye Bura amekubali kujaribu gemu langu la vita. Wiki nzima alikuwa anasema ni gumu kuliko hesabu za shule. Leo baada ya ibada akaishika simu. Nikamwambia ajenge ukuta kwanza, adui wanakuja. Yeye kajenga zizi.

"Sasa ng'ombe walale nje?" Alikasirika kweli!

Kijiji kikaungua chote, zizi tu likabaki. Nilicheka, halafu nikakumbuka tulivyokuwa tunachunga ng'ombe utotoni kule Gehandu. Mvua ya mawe ikija, sisi wengine tulikimbia. Bura alibaki na ndama.

Siku hizi anauza vocha stendi, hana hata mbuzi. Labda nimemtonesha kidonda.

Nilipotaka kuanza upya, akanishika mkono.

"Acha. Ng'ombe wangu bado wamo humo."