Nyama ya Tumboni Haitoshi

Jumatatu, 4 Machi

Nisamehe, daftari. Nimekutupa kabatini tangu mionzi ya saratani ilipoanza. Mkono ulikuwa mzito, kichwa kizito zaidi.

Leo nimeonana na daktari wa upasuaji kuhusu kuunda titi jipya badala ya lile lililokatwa. Amenieleza vizuri. Ngozi ya kushoto imekakamaa kwa mionzi. Akiweka silikoni chini yake, huenda pakawa pagumu kama jiwe, au kidonda kikagoma kufunga. Afadhali nyama yangu mwenyewe, ya tumboni. Akaminya tumbo — mama, hapa hakuna kitu! Basi ya mgongoni. Au nibaki hivi hivi, kifua bapa, wengi tu wanabaki. Haraka hakuna, ngozi ipumzike kwanza.

Mume wangu kanishika mkono: mimi nakupenda ulivyo. Halafu kamgeukia daktari — litakuwa kubwa kiasi gani? Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye.

Alhamisi, 7 Machi

Mume kamwambia mama yake kwamba tumbo halitoshi. Yeye na mdomo wake! Sasa mama mkwe kahamia jikoni kwangu. Uji asubuhi, uji tena kabla ya mchana, sahani ya pili sijamaliza ya kwanza. Kula mwanangu, titi linajengwa hilo! Wifi akipita ananitazama kiuno: bado tu?

Nimeshiba, nasema. Nani anasikia?

Jumapili, 10 Machi

Suruali imegoma mapajani. Tumbo liko palepale! Wifi kacheka mpaka kakaa chini — basi wakukate paja.

Nimecheka na mimi. Kisha nimelia chooni, kidogo tu.

Jumatano, 13 Machi

Kliniki. Mama mkwe kaingia nasi, kanizungusha mbele ya daktari kama mbuzi wa mnadani. Ona, amenenepa! Daktari kavua miwani. Kunenepeshwa hakusaidii, mama. Uzito unatakiwa utulie.

Nikauliza langu: nikikatwa, nitambeba lini mwanangu, Kibonge wangu? Wiki sita bila kunyanyua kizito, pengine zaidi.

Mama atambeba, kasema mume. Nitambeba, kasema mama mkwe.

Hawa watu! Wakati wa matibabu mtoto alilala kwa bibi yake huyuhuyu. Aliporudi alinikimbia kama mgeni, akajificha nyuma ya kochi. Ndiyo kwanza amenizoea. Ndiyo kwanza analala juu ya kifua hikihiki wanachokijadili.

Nikasema, daktari, usinipangie tarehe. Mume akainamia viatu vyake.

Jumamosi, 16 Machi

Nyumba imenuna. Mama mkwe kaweka sahani moja tu. Afadhali!

Mume: unaogopa kisu? Siogopi kisu. Mwaka ujao nitafikiri, au nisifikiri kabisa. Watu wataona upande mmoja, anasema. Waone!

Dada yangu aliye ng'ambo kapiga simu, mzigo anaotuma nyumbani unaondoka kesho. Nikutumie vitu vya kulazwa hospitali, au? Nikamwambia subiri, nitakuandikia. Mume kasimama mlangoni, hata hajifichi kwamba anachungulia. Naandika orodha ya dada hapahapa, huku anaona. Sidiria mbili za pamba, zisizo na waya, zenye mfuko wa ndani kushoto. Titi la sponji la kuchomeka humo, jepesi, lilingane na la kulia. Mafuta ya ngozi yasiyo na harufu. Na kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni, kile kipana, tena kirefu, maana Kibonge ameongezeka uzito.